Karibu Bila Hodi

Mimi sikusoma sana. Chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli kule Pemba, basi. Nitasema nilichokiona, na asiyetaka kuamini asiamini.

Chini ya fleti yangu hapa ugenini, Walthamstow, alikaa mzee mmoja wa Kialbania, kafiwa na mkewe. Kwao alikuwa kiongozi wa chama. Serikali ilimwita adui, na vijana wa upande wake waliotaka bunduki walimwita msaliti, kwa sababu kila wakisema tupigane yeye alisema tuzungumze. Wakampachika jina, Bwana Tuzungumze. Alinihadithia mwenyewe huku anacheka, kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu vilivyokuwa vinaelewana.

"Kwetu ungeitwa mwoga," nikamwambia.

"Kwani kwetu waliniitaje?"

Nilimwelewa. Pemba nimeona siasa zikafika pahala watu hawazikani, na duka la mtu wa chama kingine halinunuliwi hata chumvi. Anayekaa katikati hupigwa na pande zote mbili.

Lakini jambo moja hakulifanyia mzaha. Rafiki yake mkubwa, waliyekuwa pamoja chamani, aliitwa mlangoni kwake mchana kweupe. Akafungua, akapigwa risasi, na waliomuua ni wale wale vijana wa upande wao. Tangu siku hiyo mzee hakufungua mlango kwa kugongewa. Nikamfundisha desturi yetu: mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anakwenda zake na hana ruhusa ya kununa. Ilimpendeza sana hiyo. Nikishuka na chai nasema "Hodi!" naye ndani anaitikia "Karibu!" kwa ulimi mzito mpaka nacheka.

Kisha kikampata kiharusi. Kiingereza kikamtoka, na lugha yake mwenyewe ikamtoka. Likabaki neno moja tu, hilo letu. Binti yake, aliyehamia pale kumuuguza, akanipandia juu uso umemsawijika.

"Auntie, karibu ni nini? Baba analisema kutwa."

"Ni jibu. Mtu akipiga hodi."

"Nani kapiga hodi?"

Nikashuka nikaone. Sebule ilikuwa kimya, televisheni imezimwa. Mzee kainamisha kichwa kama anayesikiliza. Kisha akasema, taratibu, "Karibu." Macho yake yakamfuata mtu kutoka mlangoni, yakapita mbele yangu, yakafika hadi kiti cha dirishani, yakatua hapo. Mimi nikaanza kusoma ninachokijua. Yeye alikuwa anatabasamu.

Siku zile zile akapiga simu mwanamume mmoja wa kwao. Alikuwa katika vijana wa bunduki, sasa naye ana mvi na maradhi. Ndiye aliyewatuma wale waliokwenda kumwita rafiki wa mzee mlangoni. Akataka aje aombe msamaha wakati mzee angali hai.

Binti alikataa. "Baba hawezi kusema. Huyu atamwangalia tu, halafu akatangaze kasamehewa?"

"Mwache aje," nikamwambia. "Mfundishe hodi. Baba yako asipoitikia, mlango usifunguliwe."

Akaja. Nilisimama ukumbini, nyuma ya mlango. Mara tukasikia kutoka sebuleni, "Karibu!" Binti akafungua haraka. Yule bwana alikuwa amesimama kwenye mkeka wa mlangoni, kofia mkononi, anaona haya.

"Samahani," akasema, "lile neno limeniponyoka. Ndilo nililokuwa nalitafuta."

Hakuwa amepiga hodi. Binti akanitazama, nami nikatazama chini.

Tukamwingiza. Alitaka kukaa kwenye kiti cha dirishani. Mzee akapiga meza kwa mkono wake mzima mpaka vikombe vikaruka. Mgeni akakaa kwenye kistuli. Akaanza kuomba kwa lugha yao, machozi yanamtoka, na binti ananinong'oneza maana yake. Mzee akamsikiliza kidogo, kisha akamshika kidevu kama mtoto, akaugeuza uso wake uelekee kile kiti kitupu.

Yule bwana akacheka kidogo, cheko la mtu anayeogopa. Hakuna aliyecheka naye. Basi akaanza kusema na kiti. Akasema, akanyamaza, akatikisa kichwa, akasema tena kwa haraka kama mtu aliyekatizwa. Makwapa ya shati lake yalilowa, na chumba kilikuwa baridi.

"Anasema nini?" nikamuuliza binti.

Alikuwa kanishika mkono ananiumiza. "Anajibu maswali, Auntie."

"Maswali gani?"

"Sijui. Mimi nasikia majibu tu."

Alipomaliza alibaki kichwa chini. Mzee akakitazama kile kiti, akangoja kwa muda mrefu, kama unavyomngojea mtu mzima amalize kufikiri. Kisha akampa yule bwana mkono.