Barua Iliyochapwa Kimya

Kila asubuhi karani asiyeona huwasha kompyuta, huweka viganja mezani na kungoja ile sauti inayomsomea kioo, na ikianza tu huijibu, "Haya, tufanye kazi." Siku hiyo mashine iliwaka ikabaki bubu. Mkuu wa ofisi alitaka barua saa nne, na alishasema wazi kwamba sauti ikikatika tena, kazi ya kuchapa atapewa mwingine. Fundi akaja mbio, akajitoma chini ya meza kufuata waya mmoja mmoja, jasho likimtoka. Juu yake akasikia vidole vinagonga taratibu, kama vya mtu anayefuma sweta.

"Dada, umefunguaje na hamna sauti?"

"Nahesabu hadi arobaini mashine iwake, ndiyo naingiza nywila. We tafuta waya wako, kaka."

Fundi alipoushika waya wa kioo kipya, akaligundua kosa. Alikifunga yeye mwenyewe jana, na sauti yote ilikuwa imehamia humo, kwenye spika iliyozimwa. Akairudisha kwenye spika za mezani. Karani akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kusomea, kisha akasita.

"Mstari wa tatu, mwishoni, kuna nukta imezidi. Kidole kiliteleza."

Akabonyeza. Mashine ikaisoma barua tangu salamu, fundi kasimama na bisibisi mkononi. Mstari wa kwanza ulikuwa safi, wa pili safi. Wa tatu ulipofika mwisho, sauti ikasema, "Nukta. Nukta."