Betri Kwenye Gunia la Mpunga

Enzi zetu, jamani, betri za redio zilikuwa zinaanikwa. Wenzangu mliokulia Ifakara mnaelewa. Vijana wa siku hizi wakisikia wanadhani tunazungumzia dagaa. Zikichoka, baba alizilaza pembeni mwa mkeka wa mpunga uani kwetu Mlabani, zipate jua la kutwa, ili jioni zitupatie walau kipindi kimoja cha vichekesho.

Kipindi chenyewe kilimhusu Mzee Bakuli, mlafi asiyengoja kualikwa. Wiki ile walimwacha kajificha ndani ya kihenge cha mama mkwe wake, na mama mkwe huyo anakuja na ungo kuchota mpunga. Mama mkwe, tena! Mama yangu alihangaika wiki nzima utadhani aibu ni yake. Baba yeye alisema, "Upuuzi mtupu. Redio ni ya taarifa ya habari."

Siku ya kipindi, mchana, mvua ikashuka kutoka milimani bila hodi. Tukakimbilia mpunga, tukauzoa mbiombio na kuujaza guniani. Jioni majirani wameshakaa kwenye vigoda vyao, baba anatafuta betri, hazipo. Tulizizoa pamoja na mpunga.

"Basi, tutasimuliwa kesho," mama akasema kwa unyonge.

Baba, ambaye sikuwahi kumwona akishika hata fagio, akaburuta gunia na kulimwaga lote sebuleni. Akapiga magoti, akachakura kama kuku. "Msisimame tu, tafuteni. Yule mama mkwe atakuwa ameshafika."

Mama alicheka mpaka akaketi juu ya mpunga. Tulizipata kipindi kimeshaanza, na baba akacheka kuliko wote, punje zimemganda magotini. Habari za upuuzi hatukuzisikia tena.

Leo wanangu wana vichekesho kutwa kucha kwenye simu, kila mmoja na spika zake masikioni, anacheka peke yake kama aliyepandwa na mashetani. Sina ugomvi nao, na betri zao hawaaniki. Ila juzi baba, mzee sasa, alikaa akimtazama mjukuu wake anavyocheka, naye akawa anatabasamu tu bila kujua kinachochekesha. Mwishowe akauliza, "Mjukuu wangu, hicho kichekesho ni cha mtu mmoja tu?"

Mtoto akachomoa spika moja, akamvisha babu yake sikioni. Wakacheka wawili. Nikafurahi, nisiseme uongo, lakini enzi zetu tungecheka uwanja mzima.