Bahasha Niliyoifungua Hillbrow

Ipo asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Ilikuwa mwaka 2016, nimesimama kwenye mlango wa ghorofa tulilopanga Hillbrow, hapa Johannesburg, nimefunga ushungi wangu wa Idi, na mkononi nimeshika bahasha ya kaki iliyonuka dagaa. Ndani ya bahasha ile ilikuwemo kazi yangu yote ya uuguzi, na mimi nilikuwa nimeshaiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Usinicheke unaponisikia nakuita mwanangu. Sijawa bibi kizee. Lakini mji huu haupimi uzee kwa mvi, unaupima kwa foleni ulizopanga, na mimi foleni za Johannesburg na Pretoria nimezipanga mpaka walinzi wakanijua kwa jina. Kwa hiyo kaa, kunywa chai yako, nikusimulie. Najua na wewe vyeti vyako viko njiani.

Nilisomea uuguzi nyumbani Tanga, nikafanya kazi wodini miaka minne. Nilipofika huku, vyeti vyangu havikuwa na nguvu mpaka baraza la wauguzi la nchi hii liniandikishe na kunipa leseni. Basi wakati nasubiri, nikapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee kule mtaa wa Observatory. Kazi ya heshima, sikatai. Lakini kuna siku bibi mmoja alianza kutetemeka na kutoka jasho mbele yangu, nikajua hapohapo kwamba sukari yake imeshuka, na sikuruhusiwa kufanya lolote ila kumshika mkono na kumwita sista mwenye leseni. Alifika, bibi akapona. Mimi nilikwenda chooni nikalia. Nilijiona nimefungwa mikono, na leseni ndiyo iliyokuwa ya kunifungua.

Moja ya masharti lilikuwa barua kutoka baraza la nyumbani, ya kuthibitisha kwamba nimesajiliwa na sina kosa kazini. Barua hiyo ilitakiwa iende ofisini kwao Pretoria ikiwa imefungwa, na muhuri wake umegongwa juu ya mfuniko, nusu upande huu nusu upande ule. Mwombaji haruhusiwi kuifungua. Nililisoma sharti hilo, nikalielewa vizuri. Sikuwa mjinga, nilikuwa mjuaji.

Unajua sisi na posta. Hatuiamini. Kitu cha maana tunampa mtu anayesafiri. Dada yangu akaichukua barua kule, akampa mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anakuja huku kwa basi, naye akaipachika kwenye mzigo wa dagaa ili isikunjike. Ikafika salama, muhuri mzima, harufu ndiyo hiyo. Ningeishia hapo ningekuwa sina cha kukusimulia leo.

Mama yangu akapiga simu kutoka Tanga. Akauliza kama barua imefika, nikamwambia imefika. Akauliza imesemaje. Nikamwambia sijui, haifunguliwi. Mama akasema, "Mwanaidi, barua inakuhusu wewe, utaipeleka kwa watu bila kujua wamekuandikaje? Nami nikuombee dua ya nini?"

Nisimsingizie mama. Yeye alisema tu, na kidonda kilikuwa changu. Mwaka wa tatu chuoni nilianguka mtihani wa vitendo wa ukunga, nikaurudia. Hakuna aliyejua huku. Nikaanza kuwaza kwamba wameliandika hilo, kwamba watu wa Pretoria watalisoma na kunicheka. Nikachemsha maji, nikaishikilia bahasha juu ya mvuke wa birika, mfuniko ukaachia taratibu. Barua ilikuwa na mistari sita. Nimesajiliwa, sina kosa, sahihi, basi. Habari ya ukunga haikuwemo hata kwa herufi moja. Nikapaka gundi, nikaifunga, nikaibana chini ya sufuria mpaka ikakauka.

Sasa turudi pale mlangoni. Mlinzi wetu alikuwa mzee wa Kikongo, mtu wa Bukavu, tukimwita Papa Bisimwa. Alikuwa na meza ndogo na daftari la wapangaji lenye jina, chumba na kazi ya kila mtu. Alikuwa mpole, lakini jicho lake lilikuwa kali kuliko alivyoonekana. Akaniuliza ninakwenda wapi nimependeza vile, nikamwonyesha bahasha kwa majivuno. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya muhuri.

"Mama Mwanaidi, hii muhuri nusu zake hazikutani tena. Nani alifungula?"

"Imeachia yenyewe njiani, Papa. Joto la basi."

"Mutoto yangu, miye nilikuwa infirmier miaka kumi na tisa, nilifanya salle d'opération. Usinidanganye."

Nilikuwa nampita mlangoni kila siku kwa mwaka mzima, na sikujua kwamba yule mzee ni muuguzi kama mimi, tena wa chumba cha upasuaji. Nilishtuka. Akanivutia kiti. Akaniambia kwamba naye alikuja na karatasi zake, naye aliifungua bahasha yake, akitaka kutia ndani tafsiri ya cheti chake cha Kifaransa ili kuwarahisishia watu kazi. Walipoiona pale ofisini waliikataa.

"Hawakunifukuza, unasikia? Walisema nianze tena. Ni miye nilisikia haya, nikabakia nyumba. Mwaka moja, miwili, leo ni saba. Wende ku guichet, ku dirisha ile ile, useme weye mwenyewe mbele hawajakuuliza."

Ungedhani nilimshukuru. Nilimwambia, "Papa, wewe kaa na mlango wako," nikachukua bahasha yangu nikatoka. Neno hilo linaniuma mpaka leo, mwanangu, na nakutajia ili ujue mtu anayekunasihi ametokea wapi.

Njia nzima ya Pretoria nilijisemea kwamba mzee ana wivu. Kwenye foleni nikaanza kuitazama ile bahasha, na kila nikiitazama nusu mbili za muhuri zilizidi kuachana. Mbele yangu walikuwepo vijana wawili wa Kenya wanacheka, na mimi nimeigeuza bahasha kifudifudi. Nikawaza kwamba nikipita kwa udanganyifu, itabidi niubebe kila siku nikishika sindano. Na nikikamatwa, nitarudi Hillbrow kuona haya, na haya nilishaziona zinavyomweka mtu mlangoni miaka saba.

Nikaitwa. Mama wa dirishani alinyoosha mkono. Kabla hajaigusa bahasha nikasema, "Niliifungua. Niliogopa kilichoandikwa, nikaifungua kwa mvuke na kuifunga tena. Naomba uniambie nifanye nini."

Alikuwa na miwani kwenye ncha ya pua, na sikuweza kumsoma usoni. Akasema, "Hii siwezi kuipokea. Waandikie wa kwenu walete barua nyingine, itoke kwao ije kwetu, isipite mkononi mwako. Faili lako linabaki wazi." Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwita wa nyuma yangu.

Nilitoka nje moyo mwepesi. Faili lilikuwa wazi.

Barua ya pili ilichukua miezi saba. Kwa posta, ndiyo, ile ile posta. Lakini siku ya pili tu baada ya safari ile ya Pretoria nilimpelekea Papa Bisimwa chai ya tangawizi na vitumbua vinne, maana kwetu radhi huanza na sahani, maneno hufuata. Alikula viwili, akafunika viwili, akasema, "Eish, mama, sukari umetia mingi." Tukaishia hapo. Kuanzia hapo nilipotoka kazini alasiri nilivuta kiti mezani pake, naye akanihoji kwa ajili ya mtihani wa leseni. Mgonjwa amekataa dawa, unafanya nini? Umekosea kipimo na hakuna aliyekuona, unamwambia nani kwanza? Nikijibu ovyo aligonga meza kwa kalamu. Wapangaji walipita wakidhani tunagombana.

Nilifaulu. Leseni ilipofika nilishuka nayo ngazi za ghorofa sita mbio, lifti ilikuwa mbovu kama kawaida yake. Papa Bisimwa aliisoma yote, mpaka tarehe. Kisha akafungua daftari, akatafuta jina langu, na pale kwenye kazi palipoandikwa "anaogesha wazee" akapiga mstari kwa rula, akaandika *infirmière* kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kujaza mafaili ya wagonjwa. Nilimwomba kalamu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, palipo na jina lake na neno mlinzi. Akaushika mkono wangu. "Hapana," akasema. "Hiyo nitaenda kuiulizia miye mwenyewe. Utanisindikiza?"

Tulikwenda wiki iliyofuata, yeye na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama. Nilimsikia akisema pale dirishani, kwa sauti ya kutosha, kwamba yeye ni muuguzi na miaka minane nyuma alifungua bahasha. Sitakudanganya: hakupata. Chuo chake cha nyumbani kilikuwa kimepoteza kumbukumbu zake, na bila hizo hakuna pa kuanzia. Angekwenda miaka sita mapema ingekuwa habari nyingine. Lakini toka siku ile hakuinamisha macho tena alipotaja kazi yake, na wauguzi wawili wengine wa jengo letu walipita mtihani mikononi mwake.

Kwa hiyo mwanangu, hii ndiyo nasaha yangu, ichukue uende nayo. Barua yako ikija imefungwa, iache imefungwa, hata anayekuuliza imesemaje akiwa mama mzazi. Kama umeshaifungua, usinunue gundi. Nenda dirishani ukaseme kabla hujaulizwa, halafu rudi tena wakikwambia rudi, usikae nyumbani na haya zako. Na yule anayekufungulia mlango asubuhi, msalimie kwa jina na umuulize alikuwa nani huko atokako.

Mungu akufungulie faili lako na alilinde lisifungwe. Akupe mkono usiotetemeka unaposhika sindano na ulimi usiotetemeka unapokiri kosa, na siku utakayoshuka ngazi na leseni yako, akukutanishe pale chini na mtu wa kuisoma yote, mpaka tarehe. Amina.