Nyanya ya Kwenye Kona

Juma lililopita kijana mmoja alikuwa anapaka rangi mlango wa duka jirani na ninapoishi, na harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, ikaniingilia ndani kabla sijanywa chai. Nilifunga dirisha. Haikusaidia. Harufu ile haitoki nje. Inatoka kwenye vidole vyangu mwenyewe, vidole vya mtoto wa darasa la tatu pale Katoro, vikisuguliwa kimoja kimoja kwa kitambaa kilicholowa. Nimeinyamazia miaka mingi. Leo nawaambia ninyi.

Baba yangu, Masanja, alikuwa mchoraji wa mabango. Katoro ni mji wa pesa za dhahabu, na pesa hizo hazipendi kukaa kimya: mtu akipata kidogo duarani, kwenye shimo la dhahabu, hufungua saluni, akipata tena hufungua gesti, na kila saluni na kila gesti ilitaka jina lake ukutani kwa herufi nono zenye kivuli. Herufi baba alizichora ili tule. Kwa furaha yake mwenyewe alichora mboga. Tuliishi wawili tu katika chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, maana mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na kuta za chumba kile zilijaa vipande vya plaiwudi vyenye watu wa ajabu. Biringanya alikuwa broka wa dhahabu, tumbo mbele, mizani ndogo mkononi. Bamia walikuwa wasichana wembamba waliopanga foleni bombani. Kitunguu alikuwa kwenye msiba wake mwenyewe, akilia kuliko wafiwa wote. Nsansa, yale majani makavu ya kunde yasiyokosekana katika nyumba ya Kisukuma, aliyachora kama bibi aliyekunjamana anayekataa kupigwa picha. Akimaliza alirudi nyuma kidogo, akapinda shingo, akasema, "Haya. Sasa inapumua." Nami nilitega sikio kwenye rangi mbichi nisikie pumzi hiyo, ndiyo maana mara nyingi nilikwenda shule na shavu la kijani.

Mwaka ule soko lilipata jengo jipya lenye umbo la kiwiko: mkono mmoja wa wauza matunda, mkono mwingine wa wauza mboga. Mwenyekiti wa soko alimpa baba kazi ya kuchora kuta zote mbili, kila kitu upande wake, ili mgeni ajue pa kuelekea. Maembe, mapapai na mananasi huku. Mchicha, kabichi na bamia kule. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ikafika zamu ya nyanya.

"Nyanya ni tunda," nilisema kutoka chini ya ngazi, nilikokuwa nimeshika kopo la rangi nyekundu. "Mwalimu amesema. Ina mbegu."

Mama Pendo, aliyeuza nyanya pale sokoni na aliyenisuka kila Jumapili bila kuombwa, aliweka mikono kiunoni. "Bhebhe, wewe Kabula! Huyo mwalimu wako akipata wageni, huwakatia nyanya wakishamaliza kula? Mwambie aje nimuuzie kopo zima la sado, amenye kama machungwa."

"Na tango je?" akadakia muuza ndizi. "Na boga?"

"Boga lichukueni ninyi, limetuchosha kulibeba!" wakajibu wauza mboga.

Basi soko likagawanyika. Wauza matunda waliidai nyanya kwa sababu ya mbegu zake. Wauza mboga waliidai kwa sababu wao ndio wanaoilisha sufuria. Mabega yalisukumana, vicheko vikapanda, na mwenyekiti akaja mbio akidhani kuna mwizi. Baba aliteremka. Aliniangalia kwa muda mrefu, nami nilidhani anaangalia kama rangi imebaki kwenye kopo. Kisha akaburuta ngazi mpaka pale kuta mbili zinapokutana, akachora nyanya kubwa, nusu ukuta huu, nusu ukuta ule. Embe limeishika mkono wa kulia, linavuta. Kabichi, mama mnene wa vitenge vingi, ameushika wa kushoto, anavuta. Miguu ya nyanya haigusi chini. Na mdomo wake umefunguka kwa kicheko, meno ya mbele yana pengo.

Pengo lile lilikuwa langu. Kila mtu alilitambua, soko zima likacheka, nami nikacheka kuliko wote. Baba alishuka ngazi akaanza kuosha brashi. Siku ile hakusema kwamba inapumua.

Siku chache baadaye alikuja mjomba, kaka yake mama, kutoka kijijini kwao nje kidogo ya Isaka, akiwa na mzee mmoja wa ukoo. "Mwadila," walisalimu mlangoni, wakavua viatu. Nilipiga magoti nikawapa shikamoo, wakanipa marahaba na soda ya machungwa. Walikaa kitandani kwa sababu kiti tulikuwa nacho kimoja.

Mila ya kwetu iko wazi. Mwanamume akiishi na mwanamke bila kupeleka ng'ombe kwao, watoto ni wa ukoo wa mwanamke, mpaka siku ng'ombe watakapofika. Baba hakuwahi kupeleka hata ndama. Mama alifariki, lakini jambo lile lilibaki hai.

"Shemeji, hatukatai kwamba umemlea," alisema mjomba kwa upole. "Mtoto anang'aa. Ila tulikutumia salamu tangu wakati wa mavuno. Ng'ombe wako wapi?"

"Nipeni muda."

"Muda ulikuwa nao. Naona umeutumia kuchora." Akageuka kutazama ukuta, kwa broka biringanya na wasichana wa bombani. "Hawa wana pembe? Shemeji, mchicha hauswagwi kwenda zizini."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Hata baba alitabasamu. Tabasamu lile bado sijamsamehe.

Mama Pendo, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wake, alisema, "Si mumwulize mtoto mwenyewe?"

"Mtoto atasema nini, dada yangu? Atasema anataka soda nyingine."

Na kweli, nilitaka soda nyingine.

Asubuhi, kabla mjomba hajanichukua, baba alinikalisha kwenye ngazi yake, akalowesha kitambaa kwa tina, akanitoa rangi vidoleni. Alikwenda polepole, kucha kwa kucha, kama mtu anayetaka vidole viwe vingi zaidi. Ndani ya basi niliinusa mikono yangu Ushirombo yote na Kahama yote, na tulipofika kwenye malori ya Isaka bado ilikuwa inanuka kwetu.

Kwa mjomba nililelewa vizuri, nisiwasingizie. Mke wa mjomba alinirundikia ugali na nsansa, akanisimamia nile. "Kula, Kabula, unenepe," alikuwa anasema huku akinipapasa mabega. "Mtu hatoi ng'ombe kwa ajili ya mifupa." Nilicheka, nikala, nikaongeza. Nilidhani ananipenda, na huenda alinipenda, lakini nilikuwa msichana mkubwa nilipoelewa kwamba hesabu ya kunifuata Katoro ilikuwa ndani ya ile sentensi. Kijijini waliniita mtoto wa fundi rangi. Nilipokwenda Katoro likizo, watoto wa jirani waliniita mgeni wa Isaka.

Ng'ombe wa mahari yangu walifika nikiwa nimemaliza chuo. Walipita kwenye vumbi jekundu na kuingia zizini kwa mjomba, wanawake wakapiga vigelegele. Baba alialikwa. Alikaa mstari wa nyuma, pembeni ya Mama Pendo, akiwa na shati la kuazima, mgeni katika mahari ya mwanawe. Nilimpelekea sahani mwenyewe: wali upande huu, tikiti upande ule. Nilipoongeza kachumbari ya nyanya aliniuliza, kwa sauti ya utani, "Hii tuiweke upande gani?" Mama Pendo peke yake aliinamisha kichwa.

Nilipita Katoro baadaye. Kuta za soko sasa ni za rangi ya tangazo la simu, hata ile kona. Miaka mingi nilimkasirikia mjomba. Sasa hasira yangu imehama, maana nimehesabu majira: zile salamu zilifika wakati wa mavuno, na ukuta ulichorwa baada ya mavuno. Baba alikuwa anajua. Alikuwa juu ya ngazi, anajua, na badala ya kwenda kutafuta hata ndama wa kuombea muda, alichovya brashi.

Kwa muda mrefu nilitaka kumuuliza kwa nini basi aliichora nyanya ile ikicheka. Sina haja tena. Aliichora kama alivyoiona: chini ya ngazi, kopo mkononi, pengo wazi, inacheka na soko zima, na yeye hakuwa na moyo wa kuiambia ni nani wanaoivuta.