Aproni Nyeupe ya Mpwa

Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia mashuka aliniahidi ajira, kisha akaniacha mtarajali, mfanyakazi wa majaribio, mpaka nikapata wajukuu. Mwenyewe hagusi maji. Shuka hulibana kwa vidole viwili kama anayetoa panya mtegoni, halafu hujipangusa kwa leso yenye manukato. Kila anayeingia kazini humpa somo lilelile, macho kayafumba kama anaonja asali: "Mtarajali ni neno zuri, mama. Limetoka kwenye kutaraji. Ni mtu mwenye matumaini." Sisi wenye matumaini tunavaa aproni za kijivu; walioajiriwa wanavaa nyeupe.

Juzi kamleta mpwa wake, msichana wa kucha ndefu, na aproni nyeupe keshamshikisha mkononi.

"Na huyu hatarajii?" nikauliza. Wenzangu wakaficha vicheko ndani ya mashuka.

Akakohoa. Leso ikaingia mfukoni, ikatoka tena. "Mama, acha maneno. Hebu mfunge kamba, hajazoea."

Nikamfunga, fundo safi kabisa. Binti wa watu hana kosa. Aproni yangu nyeupe anayo mjomba wake, na nitamdai hata akistaafu.