Kijiti cha Kiberiti

Nakiri mwenyewe kabla majirani hawajawasimulia. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, huku juu ya Lushoto, watoto waliacha kuniamkia. Mimi, mwalimu mwenye shahada! Nilijichunguza: nimemkosea nani? Nimetega kazi ya shamba la kijiji? Kila nilipotatizika nilichokonoa sikio la kushoto kwa kijiti cha kiberiti, maana kilinisaidia kufikiri. Jibu halikuja, nikaandika barua ya kuomba uhamisho, kisha nikasimama mkutanoni kueleza sababu: kijiji hiki hakina adabu.

Watu wakatazamana. Jirani yangu, Mama Hoza, akainuka.

“Mwalimu, nyumba zetu ziko kushoto mwa njia yako. Wanangu wanakupa shikamoo kila asubuhi, nawe unapita kimya kama gogo. Sisi ndio tunaojiuliza tumekukosea nini.”

Muuguzi wa zahanati akanigeuza kichwa, akamulika tochi sikioni mbele ya kijiji kizima.

“Nta imeshindiliwa mpaka ndani! Nta hulinda sikio, Mwalimu, na hutoka yenyewe. Uliisukuma kwa kitu gani?”

Nikaficha mkono nyuma. Mama Hoza alikuwa amesimama hukohuko nyuma.

“Hiki hapa,” akasema. “Bado amekishika.”