Mtoto Aliyetulia Dirishani

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua huko Lweba, kijijini kwetu, mwanangu, nilipomkalisha mdogo wangu Sifa karibu na dirisha na kumwambia asitikisike. Sina mvi bado, wala sidai kiti cha wazee. Lakini lipo jambo lililonizeesha, na afadhali ulisikie kwangu kuliko likufundishe lenyewe.

Nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu, mémoire yangu, yaani tasnifu ya chuo kikuu, ikiwa nusu. Niliandika juu ya picha za kina mama zilizochapwa Ulaya katika karne ya kumi na tisa: mama ameketi dirishani, mtoto mapajani, nyumba kimya. Nilizichunguza mpaka macho yakauma. Katika moja niligundua, ukingoni kabisa, mkono wa mtumishi umeshika beseni, mwili wake umeachwa nje ya picha. Nikafurahi! Nikaandika: nani anafua nepi humu? Na ni mtoto gani wa miezi minane anayetulia hivi? Picha inadanganya.

Basi nikataka ushahidi. Ningempiga Sifa picha katika mkao uleule, na mwanawe Asende, mapajani pake, angerusha mateke, angevuta pazia, na uongo wa mchoraji ungeonekana.

Asende hakurusha mateke.

“Yaya, mutoto iko moto tangu jana,” Sifa alisema; yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

“Ni joto ya mabati. Kaa vile.”

“Na titi anakataa.”

“Weye, hata kukaa tu unachoka? Dakika tano!”

Hazikuwa tano. Nilivuta pazia, nikasogeza kiti, nikalaumu mwanga, nikingoja mateke. Mimi niliyehoji mapadri, wachungaji na maprofesa, sikujiuliza swali moja: kwa nini huyu ametulia?

Koko, bibi yetu, aliingia na mihogo kichwani. Akaitua, akaufinya mguu wa Asende, akangoja alie. Hakulia.

“Mutoto muzima anakubali kukaa hivi?” Akanigeukia. “We wa université. Karatasi unaisoma, muntu haumuoni.”

Tulipanda pikipiki kwenda mji wa Baraka, Sifa katikati, barabara yote tope. Hospitalini muuguzi alimchoma mtoto kidole, akasema ni malaria, na damu imekwisha mwilini.

“Tangu asubuhi mulikuwa wapi?” akauliza.

Sifa aliniangalia. “Tulikuwa nyumbani,” akajibu.

Asende alifariki kabla ya damu ya kumwongezea kupatikana. Tulimzika siku iliyofuata. Mpaka leo Sifa hajanitaja kwa yeyote, na kimya chake hakijawahi kunipa usingizi.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mzazi alisema mbele yangu mara mbili, nami nikamgeuza mfano wa hoja yangu.

Uliza maswali, mwanangu; sitakukataza. Hoji vitabu, hoji picha, hata sisi wakubwa utuhoji. Lakini mama akikuambia mtoto ana moto, weka chini ulichoshika na umguse mtoto. Na jambo likienda kinyume na ulivyotarajia, usilirekebishe ili likupendeze. Simama hapo hapo, uulize nani anaumia.

Mungu akupe macho yanayofika mapema na mkono mwepesi kwenye paji la mgonjwa. Na wanao wapige kelele nyumbani mwako mpaka majirani walalamike.